Begi moja la safari na mlima: acheni kuniuliza lita

SWALI: Habari za kazi, kaka. Ninaishi Mwanza, nina urefu wa sentimita 156 na uzito wa kilo 54. Mwezi wa saba nitapanda basi hadi Lushoto, nitembee siku nne milimani hadi Mtae, kisha nishuke Dar, nivuke Zanzibar na kurudi Mwanza kwa ndege. Nataka begi moja la mgongoni lifanye kazi zote hizo. Muuzaji mmoja wa mtandaoni ananishauri nichukue la lita 80, "la kijeshi", anasema haliingizi maji na nikichukua dogo nitajuta. Rafiki yangu analo kama hilo. Nililijaribu likiwa na mzigo, baada ya nusu saa mabega yakawaka moto na vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi. Muuzaji anasema nitazoea. Je, nichukue hilo, au la lita 65?

JIBU: Dada, usichukue lolote kati ya hayo mawili. Safari uliyoieleza inataka begi la lita 40 hadi 45. Njia ya Lushoto, Magamba, Lukozi, Rangwi hadi Mtae hulali porini. Kila jioni unafika kwenye kijiji au nyumba ya wageni, unapata kitanda na chakula. Hubebi hema, hubebi sufuria wala mafuta ya kupikia. Unabeba nguo, sweta zito (mwezi wa saba usiku wa Usambara una baridi usiyoijua Mwanza), koti la mvua, maji na vitu vidogo vidogo. Ukinunua la lita 80 utalijaza, kwa sababu hakuna binadamu anayeacha nafasi tupu kwenye begi, halafu utabeba hayo uliyojazia kupanda miteremko ya Magamba.

Hapo swali lako limekwisha. Kilichonifanya nikujibu ni hivyo vidole vilivyokufa ganzi, na huyo mtu aliyekwambia utazoea.

Huwezi kuzoea mshipa wa fahamu kubanwa. Mishipa inayohudumia mkono inatoka shingoni, inapita chini ya mtulinga na kuteremka kwapani. Mkanda wa begi ukilemewa unaikandamiza papo hapo. Kwanza ganzi, kisha mkono unakosa nguvu, na mtu akiendelea kujikaza udhaifu unaweza kukaa wiki kadhaa au hata miezi baada ya mzigo kushushwa. Madaktari wa majeshi wanalijua tatizo hili miaka mingi kwa askari wanaobeba mizigo mizito. Kwa hiyo mtu akikuuzia begi kwa kulisifia kuwa ni la kijeshi, mwambie na wanajeshi nao linawaumiza.

Kuna wanaonijibu: mbona wapagazi wa Kilimanjaro wanabeba na hawalalamiki? Kwanza, wanalalamika sana, nyinyi ndio hamuwasikii. Pili, mzigo wa kichwani unasimama juu ya uti wa mgongo na kushuka wima. Mzigo wa mgongoni unakuvuta nyuma, na ukiuning'iniza mabegani peke yake, mabega ndiyo yanayolipa.

Begi la mlima likivaliwa ipasavyo halibebwi na mabega. Linabebwa na nyonga. Mkanda wa kiunoni unakaa juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga, na sehemu kubwa ya uzito inapitia hapo kwenda miguuni, ambako kuna misuli minene kuliko yote uliyo nayo. Mikanda ya mabegani kazi yake ni kulizuia begi lisianguke nyuma. Lakini nyonga zitabeba kwa sharti moja: begi liwe na fremu, yaani vyuma vya alumini au ubao mgumu wa plastiki mgongoni, na urefu wa fremu hiyo ulingane na mgongo wako. Bila fremu, mkanda wa kiunoni ni pambo. Urefu usipolingana, ni pambo pia.

Ndiyo maana nachoka kuulizwa lita. Lita zinakueleza begi linameza nini, hazikuelezi kama linakufaa. Ni sawa na kununua viatu kwa kuangalia ukubwa wa boksi.

Pima mgongo wako leo, usingoje dukani. Inamisha kichwa, mtu apapase kifupa kinachochomoza pale shingo inapokutana na mgongo. Kisha weka mikono nyongani, vidole gumba vikielekea nyuma, na apige mstari wa kufikirika kati ya vidole gumba hivyo. Apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye kifupa kile hadi kwenye mstari, akifuata mkunjo wa mgongo. Kwa urefu wako nitashangaa ukizidi sana sentimita 43. Mabegi mengi makubwa ya mitandaoni yana saizi moja, nayo imekatwa kwa mwanamume mrefu. Kwako mkanda wa kiunoni utashuka kwenye makalio, nyonga hazitashika kitu, na uzito wote utarudi mabegani. Naamini kabisa ndicho kilichokupata na begi la rafiki yako. Tafuta saizi ndogo, au lenye mgongo unaosogezwa juu na chini. Mabegi yaliyotengenezwa kwa wanawake nayo yanafaa kujaribiwa, na si kwa sababu ya rangi: mikanda yake ya mabegani imekaribiana zaidi, na ya kiunoni imelazwa kufuata nyonga za kike.

Dukani, usikubali kujaribu begi tupu. Kila begi tupu ni zuri. Omba wakuwekee kilo nane za mchele au sukari. Legeza mikanda yote, vaa, funga wa kiunoni kwanza na ukaze mpaka usimame wenyewe. Ndipo uvute ya mabegani kidogo, halafu vile vikanda vidogo vinavyotoka juu ya bega kwenda kichwani mwa begi, mwisho wa kifuani. Sasa tembea dakika ishirini, panda ngazi. Ukiweza kupitisha vidole chini ya mkanda wa bega bila taabu, umelipata. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivi hataki ujue anachouza. Na wa mtandaoni asiyekubali kurudishiwa, mwache na begi lake.

Uzito: kwa kutembea milimani tunashauri mtu asipite sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kwako ni kama kilo 11, pamoja na maji. Ukiweza kilo nane, bora zaidi.

Hilo la "haliingizi maji" nalipitia haraka. Kitambaa kinaweza kuzuia maji, lakini zipu na mishono inapitisha, labda iwe imezibwa kiwandani. Kifuniko cha mvua hakikingi upande wa mgongoni, na maji huteremka papo hapo. Weka nguo ndani ya mfuko mwepesi usiopitisha maji, wa kukunja mdomo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata ingekuwepo ingechanika siku ya pili.

Ukienda mitumbani, usiende kwa aibu. Soko la Memorial hapa Moshi nimeona mabegi yanayoyashinda mapya ya dukani. Ila ingiza mkono ndani: ukihisi kunanata, au unga mweupe unabaki kidoleni, rudisha. Ule utando wa ndani unaozuia maji umekufa. Joto na unyevu vinaumaliza, na hakuna dawa ya kupulizia itakayoufufua, hata wakikuuzia chupa. Zipu na bizimu za mikanda fundi anabadilisha.

Kwa basi na ndege, lichague linalofunguka kwa zipu mbele kama sanduku, si la mdomo wa juu peke yake, usije ukatoa kila kitu kutafuta mswaki kwenye chumba cha gesti Lushoto. Likienda kwenye buti, livishe mfuko wa salfeti na kamba. Mikanda inayoning'inia ndiyo inayokwama na kukatika. Ndege nyingi huruhusu kilo 7 tu mkononi, kwa hiyo jiandae kulikabidhi kaunta. Kisu na fimbo za kutembelea viingie humo. Mtungi wa gesi hauingii kwenye ndege kabisa.

Na hili nawaambia nyote, maana kila msimu nawaona getini Machame na Marangu. Mtu anakwenda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, amekopa pesa akanunua begi la lita 80. Wakati mzigo wake mkubwa unabebwa na mpagazi, ambaye mwisho wake ni kilo 20 na mizigo inapimwa kwa mizani! Yeye anahitaji begi la mchana la lita 30 hivi: maji, koti, kofia, vitafunio. Hilo la 80 linarudi Dar halijatumika. Wengine wananijia wamefunga na "mikanda ya sumaku ya mgongo" waliyouziwa mitandaoni, eti inapunguza uzito wa mzigo. Sumaku haipunguzi hata gramu. Ule mkanda unakaa palepale panapotakiwa kukaa mkanda wa begi, kwa hiyo wamelipia kuharibu kitu pekee kilichokuwa kinawasaidia. Vueni.

Dada, ganzi hiyo kama bado ipo, au ukishika kikombe mkono unaona ni dhaifu, nenda kwa daktari kabla ya kununua begi lolote. Kama ilipotea siku ileile, pima mgongo, uniandikie sentimita ulizopata.