Unataka kutangaza mpira kwenye runinga? Anzia redioni

Vijana wanaotaka kutangaza mpira huniuliza waanzie wapi. Mimi nilijifunzia kwenye michuano ya mtaani, ila masikio yangu yalilelewa na Redio Tanzania. Enzi za akina Ahmed Jongo na Charles Hilary, mtangazaji ndiye aliyekuwa macho yetu. Ilibidi aseme nani anashambulia goli la kusini, nani anaambaa na mpira pembeni, nani anamfuata, kisha: "anamimina majalo!", yaani krosi. Akinyamaza kidogo tu, wasikilizaji wote gizani.

Tanzania Bara ilipata runinga mwaka 1994, na tangu Azam TV ianze mwaka 2013 ligi imehamia sebuleni. Mtazamaji anaona mwenyewe. Kumwambia "anakwenda, anakwenda, anapiga" ni kumsomea gazeti aliloshika mkononi. Ndiyo maana lugha imehama kutoka tukio kwenda sababu: nani kaacha nafasi nyuma, kiungo mkabaji kavutwa wapi, kwa nini mabeki wa pembeni wamepanda. Zamani jezi namba sita ilikukutanisha na kiungo mkabaji moja kwa moja. Leo mtu anavaa 38 na tunasema "anacheza namba kumi". Sema pia kazi yake uwanjani, kwamba ni kiungo mshambuliaji, maana mbele ya runinga yupo mtoto anayeanza kuupenda mpira.

Kinachoniuma ni sifa zisizokoma. Nazipenda mbwembwe za goli, na Simba na Yanga haitangazwi kwa sauti ya taarifa ya habari. Lakini ukimwita mchezaji mfalme dakika ya 10 kwa pasi ya mita tano, dakika ya 90 akifunga la ushindi utamwitaje?

Fanya hivi. Zima sauti ya runinga, jirekodi kwa simu. Kipindi cha kwanza tangaza kama uko redioni, usiache hata mpira wa kurusha; hapo ndipo ulimi unapopata kasi na msamiati. Kipindi cha pili sema tu yale ambayo picha haionyeshi: beki mwenye kadi ya njano anayeogopa kuingia miguuni, mchezaji wa akiba anayepasha misuli nje, upepo unaokwamisha krosi. Goli likiingia, litaje, mtaje mfungaji, kisha waachie mashabiki uwanja. Kelele zao ni sehemu ya matangazo.

Na majina: kabla ya mechi, shuka ukamuulize mchezaji mwenyewe linavyotamkwa.