Mashine ya upepo ya kujiundia: mnauliza pampu, tenki mnalisahau

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya mashine za upepo za kuunganisha, yaani kompresa za kujazia matairi na kupigia rangi, pampu imetoka huku tenki limetoka kule. Nimechagua haya.

Shikamoo fundi. Nina kompresa ya friji na mtungi wa gesi wa kilo 15, nataka nijazie matairi ya bodaboda hapa Kibaigwa. Itafaa?

Marahaba. Kompresa ya friji tairi la boda inajaza, taratibu tu, na inatema oili kwahiyo spreyi usahau. Ila mtungi hapana, na hili nimeshalijibu sana jamani. Gesi inabaki ndani hata ukiona mtungi mtupu, welda akigusa moto tu mnalipuka wote wawili, halafu chini hauna tundu la kutolea maji. Achana nao.

Nimepata tenki la upepo wa breki la lori la Fuso skrepa Kizota, nimeshalipaka rangi liko safi kabisa. Nilifunge?

Umelipaka rangi kabla hujalikagua, sasa umeficha kitu chenyewe ulichotakiwa kukiangalia! Kwangua hiyo rangi yote, hasa kwenye maungio na upande uliokuwa chini, maana maji yanatuama pale na kutu inakula kuanzia ndani. Fungua plagi kubwa umulike tochi, ukiona magamba yanabanduka au vishimo vishimo, rudisha skrepa. Likipita hapo lipime kwa maji, sio kwa upepo. Lijaze maji mpaka juu hewa yote itoke, funga ile pampu ya mkono ya kupimia mabomba, mafundi bomba wanayo waombe, kisha kama utafanya kazi presha ya psi 100 (kipimo kilichoandikwa kwenye geji) pandisha mpaka 150 uache nusu saa geji isishuke. Maji hayabanyiki, kwahiyo bati likichanika linatoa jasho au linachuruzika na presha inaanguka hapohapo, lakini upepo uliobanwa unatanuka wote kwa mpigo na vipande vinaruka. Likivuja usiweke kiraka wala usichomelee juu ya kutu, likate kabisa asije akaliokota mwingine.

Na tafadhali nyie wa pancha, nimeona vijiwe tenki limelazwa chini ya benchi wanalokalia wateja, mtoto kakaa juu anasubiri baiskeli yake. Litoeni hapo! OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana wakaguzi wa vyombo vya presha, ukifungua karakana rasmi waite, usisubiri wakufuate.

Sefti valvu, ile ya kutoa upepo presha ikizidi, inavuja vuja, naweza kuziba kwa plagi?

Hapana. Nunua nyingine, na kati ya tenki na sefti usiweke koki yoyote.

Mota yangu ni mizunguko 1440 kwa dakika, pampu imeandikwa 800, puli ya pampu ni milimita 300. Ya mota iwe ngapi?

300 zidisha 800 gawanya 1440, unapata kama 167. Tafuta 165. Watu wanaweka puli kubwa kwenye mota ili tenki lijae haraka, matokeo yake pampu inachemka, valvu zinaungua, mota inavuta umeme mwingi halafu lawama anapewa aliyewauzia pampu. Na mkanda uwekee kava la wavu, vidole havioti.

Naweza kuvuta upepo kwa bomba la PVC mpaka nje ya banda?

Hapana, hata kama jirani yako kaweka na bado linadunda. Likipasuka linakuwa vipande vyenye makali kama kisu. Tumia bomba la chuma au hozi ya upepo.

Napiga rangi magari Nkuhungu, mvua zikianza tu rangi inatoka na vidoti. Shida ni pampu?

Pampu haina kosa, ni maji. Kuanzia Desemba hewa ya Dodoma ina unyevu, ukiibana inachemka, ikipoa maji yanabaki kwenye tenki na mengine yanakuja kwenye bunduki ya kupulizia rangi. Weka koki chini kabisa ya tenki ufungue kila jioni, urefushe bomba la shaba kati ya pampu na tenki upepo upoe njiani, na kichujio cha maji karibu na bunduki. Kiangazi kikirudi shida inakuwa vumbi, kwahiyo filta ya kuvutia hewa ikung'ute kila wiki na mdomo wake usielekee barabarani, vumbi likiingia ringi za pistoni zinakwisha na oili yote inahamia kwenye tenki.