Gharama ipo, ila tulijua tunalipia nini

Swali lenu la wiki hii linauliza: je, mtu anaweza kuishi na vitabu maisha yake yote bila familia yake kuumia? Mimi ni mtu wa Newala, mkoani Mtwara, na nimelelewa na mtu wa namna hiyo. Jibu langu ni hapana, familia inaumia. Ila ipo familia inayoumia bila kujua ni kwa ajili ya nini, na ipo inayojua, tena ikapata na yenyewe fungu lake. Ya kwetu ilikuwa hiyo ya pili.

Ninaposema familia sina maana ya baba, mama na watoto tu. Sisi Wamakonde ukoo wetu hufuata upande wa mama, na mjomba ana wajibu juu ya watoto wa dada zake ambao wenzetu wa mikoa mingine huushangaa. Ninayemzungumzia ni mjomba wangu. Nyumbani kwake tulikuwepo watoto wake na watoto wa dada zake, na hakuna aliyehesabiwa mgeni.

Alianza ualimu akiwa na elimu ya darasa la saba. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo Novemba 1977, na walimu hawakutosha. Ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafunzwe ualimu hukohuko vijijini, huku wanafundisha, huku wanasoma. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na wengi walilitamka jina hilo kwa dharau. Mjomba lilimuuma sana. Hakujibizana na mtu, alisoma. Akafanya Mtihani wa Maarifa, ule unaomruhusu asiyesoma sekondari kufanya wa kidato cha nne, akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa masomo ya posta, akapanda madaraja ya ualimu kutoka la Tatu C hadi la Tatu A, kisha stashahada. Chuo Kikuu Huria kilipoanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, yeye hakuwa hata na sifa za kujiunga. Aliingia baadaye sana, na shahada akaipata akiwa amevuka miaka hamsini.

Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, masika yakikolea, kusini ilikuwa kama kisiwa. Mabasi yalilala njiani kwenye tope, na bahasha za masomo kutoka Dar es Salaam zililala humohumo. Mshahara nao haukutosha. Kilichotulisha na kutusomesha ni korosho, na shamba la korosho halina likizo: palizi, kupulizia salfa ili ugonjwa wa ubwiriunga usiharibu maua, halafu kuanzia Oktoba kuokota kila siku, kutenganisha na mabibo, kuanika. Aliyesimamia yote hayo ni mke wa mjomba, ambaye sote tunamwita Mama. Yeye huyohuyo ndiye aliyeteremka bondeni kufuata maji, maana sisi tunakaa juu ya uwanda wa Makonde na maji yako chini. Ada za mitihani ya mjomba zilitoka kwenye magunia ya Mama. Watu wanaposifu usomi wa mjomba bila kumtaja Mama, mimi hukasirika kabisa.

Lakini mjomba hakujifungia chumbani na vitabu vyake. Usiku meza ilikuwa moja na chemli moja, sote tumeizunguka, kila mtu na daftari lake. Alitusomea kwa sauti anachojifunza, na cha Kiingereza alikieleza kwa Kiswahili ili Mama, aliyeishia darasa la nne, naye aulize. Na aliuliza! Mjomba alipofikia somo la saikolojia ya mtoto, Mama alimbishia kwa mifano ya watoto aliowalea mwenyewe, na mjomba akawa anaandika maneno yake pembeni ya daftari. Msimu ukiisha alitusomea hesabu: magunia yalikuwa mangapi, pesa ngapi, ada ya nani inalipwa kwanza. Yake ilikuwa ya mwisho. Mwaka ambao dada yetu mmoja alichaguliwa kwenda sekondari, mjomba aliahirisha mtihani wake.

Kazi yake kubwa ya kisomi, kwa maoni yangu, haimo kwenye cheti chochote. Kwetu mjomba ana sauti katika kuwaingiza watoto wa kiume likumbi, yaani jandoni, na kuwacheza wari, yaani mabinti wanaofundwa unyagoni. Enzi hizo ngoma ziliwatoa watoto darasani katikati ya muhula, na binti akishachezwa, wengi walimwona mtu mzima ambaye shule haimhusu tena. Baadhi ya walimu walizipiga vita mila zenyewe, wazazi wakaacha kuwasikiliza. Mjomba alikaa na wazee, manyakanga (wakuu wa jando na unyago) na makungwi, akawaomba mambo mawili: shughuli zifanyike Desemba shule zikifungwa, na kungwi mwenyewe amwambie mwari kuwa kurudi darasani Januari ni sehemu ya ukubwa wake. Neno hilo likitoka kwa kungwi lina uzito ambao mwalimu mkuu hawezi kuupata kwa barua kumi. Ilichukua miaka, na si kila nyumba iliyokubali. Katika ukoo wetu dada zangu wote walichezwa, na wote wakamaliza shule. Binti yangu akifikia umri huo, nitafuata utaratibu uleule.

Mjomba alistaafu akiwa na miaka sitini. Kiinua mgongo kilipotoka, kabla ya kununua kitu kingine chochote, alijenga nyumbani kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua, na mifereji kuzunguka paa lote. Mama hateremki tena bondeni. Nampenda na kumheshimu sana mjomba, lakini kisima kile nadhani kilipaswa kutangulia shahada.