Shangazi, nimeokoka lakini hasira yangu haijaokoka

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbeya, ni Mmoraviani, naimba kwaya na kufundisha Shule ya Jumapili. Biashara yangu ni viazi: navichukua Isyonje kwa lumbesa, nikifika mjini napanga upya kwenye magunia ya kawaida, vingine nauza kwa sado (lile kopo la kupimia), na namshukuru Mungu faida ipo. Shida yangu ni hasira. Ijumaa iliyopita, siku ya marejesho ya kikundi chetu, gunia lilipasuka kwenye mkokoteni pale sokoni. Viazi vikatawanyika kwenye tope, watu wakaokota na kuondoka navyo. Nilimtukana yule kijana wa mkokoteni matusi nisiyoweza kuyaandika hapa, na elfu mbili yake sikumpa. Kugeuka, namwona mtoto wa darasa langu la Jumapili kashikwa mkono na mama yake, ananiangalia. Nilipomsimulia mume wangu akasema, "Ulokole wako unaishia getini." Imeniuma sana. Nafunga kila Ijumaa, mikesha sikosi. Sasa kuna semina ya uanafunzi ya siku tatu, kiingilio elfu sitini, nimeanza kuweka hela. Itanisaidia? Nifanyeje nikue kiroho, hasira initoke?*
*— Mama Viazi, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Ugonile.

Umeniomba dawa ya hasira, lakini jicho langu limekwama kwenye maneno uliyoyapita mbio: "navichukua Isyonje kwa lumbesa." Umeyataja kama mtu anavyotaja rangi ya geti lake, kisha hapo hapo ukamshukuru Mungu kwa faida. Niruhusu nianzie hapo, kwa kijana nitafika.

Unajua kuliko mimi gunia hilo la lumbesa linavyofungwa. Likishajaa, mdomo hauzibwi. Kamba inapitishwa upande huu na upande ule, viazi vinaendelea kupangwa juu mpaka kinatokea kilemba, na kilemba hicho ni debe moja na nusu, mara nyingine mbili, ambazo mkulima halipwi hata senti. Uzito wote wa juu unabebwa na kamba. Gari linashuka kutoka milima ya Uporoto likirukaruka, kamba inakula kingo za gunia taratibu. Mjini unamkabidhi mzigo huo kijana mwenye magurudumu mawili na mabega yake. Halafu linapasuka, unamtukana yeye! Mwanangu, gunia lile lilianza kupasuka Isyonje, pale ulipokuwa unamwambia mpakiaji, "Ongeza, bado linameza."

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza lumbesa, na kifungashio cha mazao hakitakiwi kuzidi kilo 100. Hilo halikuwa geni kwako. Najua pia kwa nini lumbesa haifi. Nauli ya gari ni kwa gunia, anayepakia na anayeshusha analipwa kwa gunia, na ushuru nao mara nyingi unahesabiwa kwa gunia. Mwenye kilemba anaokoa hela kila kituo, na gharama yote inamwangukia mtu mmoja ambaye hayupo kwenye gari: yule aliyelima, akapalilia, akavuna kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ya kule. Hana ghala wala usafiri, na viazi vilivyokwisha kung'olewa havimsubiri apate bei. Anapokubali masharti yako usidhani ameridhika. Hana pa kwenda.

Watu walipomwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza wafanye nini, hakuwaongezea siku za kufunga. Soma Luka sura ya tatu. Kila kundi alilijibu kwa kazi yake: watoza ushuru wasitoze zaidi ya walichoamriwa, askari wasidhulumu mtu na watosheke na mishahara yao. Angesimama mchuuzi wa viazi kwenye ule mstari, sidhani kama unahitaji nikuambie angejibiwa nini. Na nabii Amosi anawaeleza wafanyabiashara waliokuwa wanaishika sabato vizuri kabisa, ila moyoni wanajiuliza itaisha lini warudi kwenye vipimo vyao vya kudanganyia. Walikuwa watu wa ibada hao, mwanangu.

Kuna watakaokuambia una pepo la hasira, uwekewe mikono. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyejizoeza msimu baada ya msimu kumtazama mkulima asione mtu, aone gunia tu, siku mambo yakiharibika atamtazama kijana wa mkokoteni kwa jicho hilo hilo. Roho Mtakatifu anakuza tunda lake, ndiyo, lakini analikuza ndani ya mtu anayenunua, anayeuza na anayelipa vibarua. Hakungojei kwenye mkesha peke yake.

Sasa kijana. Mtafute asubuhi, kabla shughuli haijachanganya, na umwendee akiwa na wenzake, kwa sababu ulimdhalilisha mbele yao. Mwambie: "Nilikutukana na hukuwa na kosa. Gunia nililijaza mimi kupita kiasi. Hela yako hii hapa." Ishia hapo. Usimweleze ulivyokuwa umechoka, na usianze kumwombea kwa sauti pale pale kila mtu ageuke. Asipokuchangamkia mwache, ana haki yake. Tena nakuomba sana, usilipeleke jambo hili kwenye ushuhuda wa Jumapili kabla hujampata. Siku hizi tunatubu kwenye maikrofoni madhambi ambayo aliyekosewa bado hajasikia hata pole.

Hili kwako ni urithi. Wamisionari wa Kimoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lililokulia Herrnhut, Ujerumani. Wakazi wa Herrnhut walikuwa wacha Mungu waliokimbia mateso, na bado walifarakana vibaya kwa mafundisho, kila mmoja akimwona mwenzake amepotoka. Zinzendorf, mwenye ardhi ile, aliacha shughuli zake za serikali kule Dresden, akakaa nao, akapita nyumba kwa nyumba akizungumza na watu. Mei 12, 1727 wakakubaliana kanuni za kuishi pamoja na kutia saini. Agosti 13 ya mwaka huo huo, wakiwa kwenye Meza ya Bwana huko Berthelsdorf, ndipo likatokea lile tukio la upatanisho ambalo kanisa lenu linalikumbuka mpaka leo. Wewe kwenye mikesha unaililia Agosti, na Mei hujaigusa.

Viazi sasa. Elfu sitini yako ya semina ianzishie mizani ya kuning'iniza. Semina si mbaya, zitakuja nyingine. Ukipanda Isyonje safari ijayo, kaa na mkulima unayenunua kwake mara kwa mara, mpatane bei kwa kilo, au kwa debe kama ndiyo anayoiamini, na magunia yashonwe bila kilemba. Sikudanganyi, faida itashuka. Viazi vile vile vitaingia kwenye magunia mengi zaidi na nauli itapanda. Wenzako watasema mlokole kachanganyikiwa. Kama mtaji hautoshi, chukua mzigo mdogo. Usije tu ukaniambia utapunguza taratibu, debe moja mwaka huu na jingine mwakani, maana dhuluma haiachwi kwa awamu. Bei yako mjini nayo itabidi uipige upya, na kuna wateja utawapoteza. Wengine watabaki, hasa wa migahawa, wakishaona gunia lako halina mawe katikati wala viazi vya kijani. (Sado yako sijaiuliza. Kitako chake unakijua mwenyewe.)

Zakayo alisema atarudisha mara nne. Mimi sikudai mara nne. Ila wale wakulima ambao namba zao unazo kwenye simu, kaa chini upige hesabu ya debe za msimu uliopita, uwalipe kidogo kidogo mpaka ziishe. Hapo kwenye kulipa deni, awamu naziruhusu.

Halafu Ijumaa. Jamani, Ijumaa yako! Umeamka usiku wa manane kuwahi mzigo, tumbo halina hata chai kwa sababu umefunga, na marejesho yanakusubiri mchana. Malaika alipomkuta Eliya amechoka kiasi cha kutaka kufa, alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye. Hamishia kufunga kwako siku isiyo na marejesho. Hiyo haiwi dhambi. Na kama hayo marejesho ni ya mkopo wa kausha damu, ile ya riba ya kukukamua, niandikie barua nyingine, maana hilo lina mambo yake.

Mume wako amekuambia kweli kwa mdomo mkali. Usimjibu, na usimtangazie kwamba umeanza kubadilika. Mwombe siku moja mwende naye Isyonje, asaidie kushika daftari la uzito. Anayeshika daftari atajionea mwenyewe, na pengine atakuwa na la kukuambia likukosoe zaidi. Mvumilie.

Aliyebaki ni yule mtoto. Usijifanye hukumwona. Jumapili, kabla darasa halijaanza, muite akiwa na mama yake, umwambie kwa kifupi kwamba alichokiona sokoni kilikuwa kosa, na kwamba yule kaka umeshamwomba msamaha na kumlipa. Maneno hayo huwezi kuyasema kama hujayafanya, kwa hiyo kijana lazima apatikane kufikia Jumamosi.