Muulize Bibi: Je, jina la Tabu litamwandama mwanangu?

Shikamoo Bibi. Nimejifungua mtoto wa kike, ana wiki tatu. Mama mkwe anataka aitwe Tabu, jina la marehemu mama yake. Mimi na mume wangu tulishachagua Ivanna. Dada zangu wananiambia nisithubutu, eti jina humwandama mtu. Mume wangu kakaa kimya, hataki kumuudhi mama yake. Jina hili asili yake nini, na ni kweli litamwandama mtoto?
*Mama Mtoto, Kibaha*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama.

Nimefundisha shule ya msingi Korogwe mpaka nikastaafu, na kila asubuhi niliita mahudhurio: Tabu, Shida, Mashaka, Sikujua, Chausiku. Namkumbuka Tabu mmoja aliyekuwa akimaliza hesabu kabla sijapangusa chaki mikononi. Akisahihishiwa, anahamia dawati la nyuma kumwelekeza mdogo wake Rehema, aliyekuwa mgonjwa kila mara na kukosa masomo. Kama majina yangekuwa yanaandama watu, hao ndugu wawili wangebadilishana maisha.

Neno lenyewe limetoka Kiarabu, lakini desturi ya kumpa mtoto jina la namna hiyo ni yetu, na ina njia mbili. Ya kwanza ni kuweka kumbukumbu. Mama alikaa na uchungu siku tatu, au mimba iliingia mwaka wa njaa, au mtoto alizaliwa baba akiwa hajulikani alipo. Wasukuma humwita Mabula aliyezaliwa wakati wa mvua na Magesa aliyezaliwa wakati wa mavuno; wa tabu naye akaitwa Tabu. Basi tabu inayotajwa hapo ni ya mama, si ya mtoto.

Njia ya pili ni ya kumkinga. Mwanamke aliyezika watoto wawili watatu alimpa anayefuata jina lisilovutia, ili kifo na jicho la hasidi vimpite kama kitu kisicho na thamani. Wajaluo wana Owiti na Awiti, mtoto "aliyetupwa": alilazwa nje kama asiyetakiwa, jirani akamwokota na kumrudisha kwa mama. Aliyefanya hivyo hakumchukia mwanawe. Alikuwa anamng'ang'ania kwa njia pekee iliyobaki mkononi mwake.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana, mkalishe mama mkwe na umuulize marehemu alizaliwaje. Huenda hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kuhusu kuandama: kama nyumba yenu ni ya Kikristo, fungua Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 4. Yabesi aliitwa hivyo kwa sababu mama yake alimzaa kwa huzuni, na Maandiko yanasema alikuwa na heshima kuliko ndugu zake. Hata hivyo, Mwanzo 35 Raheli akiwa anakata roho anamwita mwanawe Benoni, na Yakobo anambadilishia kuwa Benyamini. Kwa Waislamu, Mtume alimbadilishia jina mwanamke ambaye jina lake lilikuwa na maana ya muasi, akamwita Jamila. Kubeba jina zito si laana, na kulibadili si dhambi. Doto Mashaka Biteko, aliyeteuliwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023, ana Mashaka katikati ya jina lake.

Lipo jina ambalo mimi nisingekubali hata angeniomba nani: Mtumwa. Tabu inasimulia alichovumilia mama, lakini Mtumwa inamwambia mtoto kwamba ana bwana wake. Mwimbaji mkuu wa taarabu wa Unguja alizaliwa Fumba akaitwa hivyo, akauza vyungu, akaingia mjini, akawa Siti binti Saad. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na jina lililoandikwa juu yake ni Siti.

Sasa ushauri. Kwenye cheti mwandikeni Ivanna, nyumbani aitwe Tabu. Bibi yake hatamwita hata Tabu, atamwita "mama", kwa kuwa ni wajina wa mama yake, na utaona mapenzi yatakayokuja na neno hilo. Ila mume wako aache kunyamaza. Yeye ndiye wa kwenda kumweleza mama yake, si wewe uliye bado na mshono.

Msajilini RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, ndani ya siku 90, na jina liwe lilelile, kwa herufi zilezile, kwenye cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo na shuleni. Kama Ivanna ni ya n mbili, iwe n mbili kila mahali. Nimeona vijana waliofanya mtihani wa darasa la saba kwa jina la nyumbani, kisha wakahangaika na kitambulisho cha taifa cha NIDA na pasipoti, wakiapa kwa mwanasheria kwamba mtu ni yuleyule.

Bibi, naitwa Mwanaidi. Wenzangu wananicheka kwamba nilizaliwa Desemba 2007 na Idi haiji Desemba.
*Mwanafunzi, Mombasa*

Mjukuu wangu, mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi huzunguka miezi yote. Idi ya kuchinja ya mwaka 2007 ilikuwa karibu na tarehe 20 Desemba. Muulize mama yako siku yenyewe. Na hiyo "Mwana" iliyotangulia ilikuwa heshima ya mabibi wa pwani, kama Mwinyi kwa wanaume. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, aliitwa kwa heshima hiyohiyo. Kwa hiyo wakikuita, waambie walitamke lote, wasilikate wakakuita Idi.