Mwanao mkimbiaji na pesa za vyuo vya Marekani
Dada, umeuliza kama kijana wako aliyepata ufadhili wa kukimbia chuoni Marekani sasa atalipwa hadi atume pesa nyumbani. Taratibu kidogo. Ni kweli, tangu Julai 2025 vyuo vilivyokubali mpango mpya vinaweza kuwagawia wanamichezo wao hadi dola milioni 20.5 kila chuo kwa mwaka wa kwanza. Lakini wa kwanza kupakua ni futiboli yao ya Kimarekani, kisha mpira wa kikapu wa wanaume. Mbio ndefu huachiwa ukoko. Tena viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, inabana sana kazi za kulipwa. Asitie saini mkataba wowote kabla hajamwona mwanasheria wa uhamiaji. Na amuulize kocha: ufadhili unalipia chakula na malazi, au karo tu?