Kwa mnaoanza kazi chumba cha protoni cha watoto

Elewa kwanza kwamba protoni, chembe ndogo zinazotumika kutibu saratani kwa mionzi, husimama ndani ya mwili. Eksirei za tiba zikipigwa mgongoni hupenya na kutokea mbele, zikigusa moyo, mapafu na matumbo. Protoni humwaga sehemu kubwa ya nguvu yake mwisho wa safari, basi. Kwa mtoto mwenye medulobilastoma, yaani saratani ya ubongo, anayepigwa mionzi ubongo mzima na uti wote wa mgongo, hiyo ni nafuu kubwa sana.

Ila inaposimama hutegemea inapopita. Mtoto akishikwa na mafua, kamasi zikajaa kwenye uwazi wa mifupa ya uso uliokuwa na hewa, miale inayopita hapo itaishia kabla ya mahali palipopangwa. Kwa hiyo kila asubuhi uliza habari za mafua. Angalia na mashavu: deksamethasoni, dawa ya steroidi, huwavimbisha watoto, na kinyago cha plastiki cha kushika kichwa kisisogee, kilichotengenezwa wiki iliyopita, kinaanza kubana. Usikilazimishe. Mwite mwanafizikia, na daktari akitaka picha mpya ya sitiskani (CT), ifanywe.

Kinyago chenyewe kinastahili muda wako. Kabla ya kukifinyanga usoni, mpe mtoto kipande cha plastiki kilichotoka kwenye maji moto akishike, amvalishe mwanasesere wake. Atakayeweza kutulia bila dawa ya usingizi ataamka na kunywa chai siku zote za tiba, siku tano kwa wiki, takriban wiki sita. Anayelazwa usingizi hali chakula kwa saa sita kabla, hivyo mpange wa kwanza. Mashine ikichelewa, mjulishe daktari wa usingizi mapema, maana mwenye njaa ni yule mdogo.

Uingereza ina hospitali mbili tu za umma zenye tiba hii, Manchester tangu 2018 na London tangu 2021. Wazazi wengi wamehama nyumbani kwa wiki hizo, na wamesikia kwamba protoni haina madhara. Waambie ukweli kwa upole. Ubongo unapata kipimo kilekile cha eksirei, mara nyingi grei 23.4 (grei ni kizio cha mionzi), kisha nyongeza hadi 54 mahali ulipokuwa uvimbe, kwa hiyo masomo na homoni bado vinaweza kuathirika. Kwa mtoto anayekua, pingili nzima ya uti wa mgongo hupigwa makusudi, kwani upande mmoja ukikua na mwingine ukadumaa, mgongo utapinda. Kimo chake cha ukubwani kitapungua. Hakikisha barua ya kliniki ya homoni imetoka kabla ya siku yake ya mwisho kwenu.